Mwamba ngoma huvutia kwake: Namna ya kupima mikusanyiko ya vibao vya David Bowie

DAVID Bowie alipofariki jijini New York mnamo Januari 10, 2016, siku mbili tu baada ya kutimiza umri wa miaka 69 na kutoa albamu yake ya mwisho, Blackstar, watu wengi waliokuwa wakilijua jina lake bila kuzijua kazi zake walikimbilia madukani na kwenye intaneti kutafuta nyimbo zake. Blackstar ilipanda hadi nambari moja Uingereza na Marekani. Nyuma yake zikarejea katika chati albamu za mikusanyiko ya vibao vyake, baadhi zikiwa zimetolewa zaidi ya miaka kumi kabla ya kifo chake.

Mnunuzi wa mkusanyiko kama huo mara nyingi haendelei kununua albamu nyingine. Nyimbo 18 au 20 anazozisikia ndizo zinazobaki akilini mwake kuwa kazi nzima ya msanii. Hivyo basi, yeyote aliyezichagua nyimbo hizo, awe ni msanii mwenyewe au karani wa kampuni ya muziki, ndiye aliyeamua Bowie atakumbukwa kwa lipi na litakalosahaulika ni lipi.

Kwa sababu hiyo, mkusanyiko wa vibao unastahili kupimwa kwa makini yale yale yanayotumika kupima diwani ya mashairi teule. Ifuatayo ni mizani ya vipimo vitano, pamoja na jinsi mikusanyiko mikuu ya Bowie inavyosimama katika kila kipimo.

Asili ya mikusanyiko

Albamu inayotajwa mara nyingi kuwa chimbuko la desturi hii ni Johnny's Greatest Hits ya mwimbaji Mmarekani Johnny Mathis, iliyotolewa na kampuni ya Columbia mwaka wa 1958. Karibu nyimbo zake zote zilikuwa tayari zimeuzwa katika santuri ndogo, kwa hiyo kampuni haikuhitaji kulipia studio upya kwa ajili ya nyimbo hizo. Albamu hiyo ilikaa katika chati za Marekani kwa zaidi ya miaka tisa, na kampuni nyingine zikajifunza kwamba nyimbo za zamani zinaweza kuuzwa mara ya pili.

Kundi la Eagles lilithibitisha ukubwa wa soko hilo. Mkusanyiko wao wa vibao vya kati ya mwaka wa 1971 na 1975, uliotoka Februari 1976, ulitambuliwa rasmi mwaka wa 2018 kuwa umefikisha hesabu ya nakala milioni 38 nchini Marekani.

Hata hivyo, kundi na mwanamuziki anayesimama peke yake ni mambo mawili tofauti. Kibao cha Eagles cha mwaka wa 1972 na kile cha mwaka wa 1975 vinatoka katika nyumba moja. Bowie alibadilisha wapigaji, mitindo na hata sura kila baada ya miaka michache. Mwanzoni mwa miaka ya sabini alipigiwa gitaa na Mick Ronson katika roki ya makelele na mavazi ya kumetameta. Mwaka wa 1975 alikuwa na Carlos Alomar katika muziki wa soul wa Wamarekani weusi. Mwaka wa 1977 alikuwa Berlin pamoja na Brian Eno na mitambo ya kielektroniki, na mwaka wa 1983 akashirikiana na Nile Rodgers kutengeneza muziki wa dansi.

Mkusanyaji wa vibao vya msanii kama huyo ana kazi ngumu: kuonyesha kwamba watu wote hao ni mtu mmoja.

Kipimo cha kwanza: Nani aliyechagua?

Wahenga walisema kwamba mwamba ngoma huvutia kwake. Swali la kwanza la kuuliza kuhusu mkusanyiko wowote ni nani aliyeiwamba ngoma hiyo, na alikuwa akivutia wapi.

Mkusanyiko wa kwanza mkubwa wa Bowie, Changesonebowie, ulitolewa Mei 1976 na kampuni ya RCA, iliyokuwa ikitoa rekodi zake tangu mwaka wa 1971. Ulikuwa na nyimbo 11, kuanzia Space Oddity ya mwaka wa 1969 hadi Golden Years iliyotoka mwishoni mwa mwaka wa 1975. Ndugu yake, Changestwobowie, alifuata Novemba 1981 akiwa na nyimbo 10, wakati uhusiano wa msanii na kampuni hiyo ukielekea ukingoni. Kufikia mwaka wa 1983 Bowie alikuwa amehamia EMI, na huko akatoa Let's Dance, albamu iliyomletea wasikilizaji wengi kuliko wakati mwingine wowote.

Rekodi zilizidi kuhama mikono, na kila kuhama kulileta mkusanyiko mpya. Changesbowie ilitoka mwaka wa 1990 chini ya Rykodisc nchini Marekani na EMI nchini Uingereza. Mwaka wa 2002 ikaja Best of Bowie, ambayo orodha ya nyimbo zake ilibadilika kutoka nchi moja hadi nyingine kulingana na kilichovuma huko. Mnunuzi wa London na yule wa Marekani walirudi nyumbani na albamu zenye jina moja lakini nyimbo tofauti. Huo ni ushahidi wa wazi kwamba aliyeshika kalamu hapo alikuwa muuzaji.

Fedha zilizohusika hazikuwa kidogo. Mwaka wa 1997 Bowie aliuza hatifungani za thamani ya dola milioni 55, akaweka rehani mirabaha ya albamu 25 alizorekodi kabla ya mwaka wa 1990. Mnunuzi alikuwa kampuni ya bima ya Prudential ya Marekani. Baada ya mpango kama huo, nyimbo za zamani ziligeuka kuwa shamba ambalo lazima livunwe kila msimu. Januari 2022 warithi wake waliuza haki za utunzi wa nyimbo zake kwa kampuni ya Warner Chappell kwa bei iliyoripotiwa kuzidi dola milioni 250.

Lakini upo mkusanyiko mmoja ambao Bowie aliuchagua mwenyewe kutoka mwanzo hadi mwisho. Ni iSelect, CD ya nyimbo 12 iliyogawiwa wasomaji wa gazeti la The Mail on Sunday la Uingereza mnamo Juni 2008. Kati ya nyimbo hizo 12, ni Life on Mars? pekee inayohesabiwa miongoni mwa vibao vyake vikubwa. Nyingine ni nyimbo zilizojificha katika albamu, kama vile The Bewlay Brothers ya mwaka wa 1971, Lady Grinning Soul ya mwaka wa 1973 na Teenage Wildlife ya mwaka wa 1980. Wimbo Time Will Crawl, uliotoka mwaka wa 1987 katika albamu ambayo msanii hakuridhika nayo, aliufanyia ukarabati na kuuwekea ngoma mpya kabla ya kuuingiza.

Alipopewa nafasi ya kuchagua bila kufikiria mauzo, Bowie alichora picha ya Bowie ambayo wanunuzi wa mikusanyiko mingine hawaijui kabisa.

Kipimo cha pili: Kilichoachwa nje

Jina "vibao vikubwa" hudai kwamba uchaguzi umefanywa na chati, na kwamba mkusanyaji hana lawama. Dai hilo halisimami hata kidogo.

Mwaka wa 1967 Bowie, akiwa bado kijana anayetafuta njia, alirekodi The Laughing Gnome, wimbo wa mzaha wenye sauti za kuchekesha kama za watoto. Ulipotolewa upya nchini Uingereza mwaka wa 1973 ulifika nambari sita. Wimbo "Heroes", ambao leo huhesabiwa miongoni mwa kazi bora kabisa za karne ya 20 katika roki, ulikomea nambari 24 katika chati hizo hizo mwaka wa 1977. Kama chati ndizo zingekuwa hakimu, mzaha ungeingia katika kila mkusanyiko na "Heroes" ungebaki nje. Mikusanyiko iliyotajwa hapa haina The Laughing Gnome. Kwa maneno mengine, wakusanyaji wote huamua kwa maoni yao, kisha husingizia hesabu.

Wakati nao hubadilisha thamani. Juni 1987 Bowie alitumbuiza karibu na Ukuta wa Berlin, upande wa magharibi, huku vijana wa upande wa mashariki wakisogea kusikiliza. Alipofariki, Wizara ya Mambo ya Nje ya Ujerumani ilimshukuru kwa mchango wake katika kuangusha ukuta huo. Hakuna chati ya mwaka wa 1977 ambayo ingeweza kuyaona hayo.

Kwa kipimo hiki, Changesonebowie ina mapengo mawili makubwa. Starman, wimbo ambao Bowie aliuimba katika kipindi cha televisheni cha Top of the Pops mnamo Julai 1972 na kuwageuza vijana wengi wa Uingereza kuwa wafuasi wake, haumo. Life on Mars?, uliofika nambari tatu mwaka wa 1973, haumo pia. Changestwobowie iliuokoa Starman lakini ikaiacha Life on Mars? kwa mara ya pili, na CD ya Changesbowie ya mwaka wa 1990 ikaziacha zote mbili.

Kipimo cha tatu: Ni toleo gani la wimbo?

Hili ndilo jambo ambalo mnunuzi wa kawaida halitambui. Jina la wimbo likiwa kwenye jalada, hudhani kwamba ameupata wimbo wenyewe. Mara nyingi huwa amepata kipande tu.

Mfano ulio bora ni huo huo wa "Heroes". Katika albamu una dakika sita. Ulirekodiwa katika studio za Hansa, hatua chache kutoka Ukuta wa Berlin, na mtayarishaji Tony Visconti aliweka maikrofoni tatu kwa umbali tofauti mbele ya mwimbaji. Ile ya karibu ilinasa sauti ya chini, na zile za mbali zilifunguka kadiri alivyopaza sauti. Wimbo huanza kwa mnong'ono na kuishia kwa ukelele wa mtu anayetaka kusikika upande wa pili wa jumba. Ili kuwafaa watangazaji wa redio, wimbo huo ulikatwa hadi takriban dakika tatu na nusu, na sehemu ya mwanzo yenye sauti ya chini ikaondolewa. Toleo hilo lililokatwa ndilo linalopatikana katika mikusanyiko mingi. Msikilizaji anapata kilele cha mlima bila kuupanda.

Let's Dance nayo ina zaidi ya dakika saba katika albamu, lakini katika santuri ndogo ina dakika nne na ushei, hivyo sehemu ya gitaa la Stevie Ray Vaughan hupungua sana.

Kosa kubwa zaidi lilifanyika katika Changesbowie. Wimbo Fame, ambao Bowie aliutunga pamoja na John Lennon na Carlos Alomar, ulikuwa wa kwanza wake kufika nambari moja Marekani, mwaka wa 1975. Mkusanyiko huo uliuondoa na kuweka mahali pake toleo jipya lililopewa jina Fame '90, lenye midundo ya vilabu vya dansi vya wakati huo. Toleo la mwaka wa 1975 bado linasikika jipya, ilhali lile la mwaka wa 1990 lilichakaa upesi. Kadhalika, mkusanyiko wa Legacy, uliotoka Novemba 2016, uliweka toleo la Life on Mars? lililochanganywa upya na Ken Scott, mmoja wa waliotayarisha rekodi ya awali. Kazi hiyo ni ya heshima na inasikika vizuri, lakini sio ile iliyowasisimua watu mwaka wa 1971.

Kipimo cha nne: Mpangilio

Nyimbo zikiwa zile zile, mpangilio unaweza kuzifanya zisimulie hadithi tofauti. Mikusanyiko mingi hufuata miaka, kuanzia ujana hadi uzee. Hatari ya njia hiyo ni kwamba msanii huonekana kama mtu aliyepanda, akafika kileleni, kisha akashuka. Msikilizaji huchoka kabla ya kufika mwisho na kuamua kwamba kazi za uzeeni hazina maana.

Nothing Has Changed, uliotoka Novemba 2014, uligeuza utaratibu huo. Toleo lake la CD tatu lina nyimbo 59, nalo huanza na wimbo mpya wa mwaka huo, Sue (Or in a Season of Crime), wenye vyombo vya jazi, na kurudi nyuma mwaka baada ya mwaka hadi Liza Jane, santuri ya kwanza ya kijana wa umri wa miaka 17 mwaka wa 1964. Msikilizaji hulazimika kukutana kwanza na mzee wa miaka 67 ambaye bado anajaribu mambo mapya, ndipo ashuke polepole hadi kwenye vibao anavyovijua. Nyimbo za miaka ya tisini, ambazo mikusanyiko mingine huzibana pembeni, hapa zimekaa mahali pa heshima.

Ikumbukwe kwamba mkusanyiko huo ulitoka pia katika CD mbili zenye nyimbo 39 na katika santuri mbili zenye nyimbo 20. Toleo la CD mbili linafuata miaka kama kawaida, na kwa hiyo limepoteza wazo zima lililofanya toleo kubwa liwe na thamani. Mnunuzi asomaye jina tu kwenye jalada anaweza kurudi nyumbani na kitu tofauti na alichokisikia kikisifiwa.

Kipimo cha tano: Je, unamwelekeza msikilizaji mbele?

Mkusanyiko mzuri humfanya msikilizaji atamani albamu zenyewe. Hapa ndipo Bowie anapowatatiza wakusanyaji wote, kwa kuwa baadhi ya kazi zake bora hazikatiki vipande.

Albamu ya Station to Station ya mwaka wa 1976 ina nyimbo sita tu, na ule unaobeba jina lake una zaidi ya dakika kumi. Low, ya mwaka wa 1977, ni albamu ambayo upande wa pili wa santuri yake karibu wote ni muziki usiokuwa na maneno. Mikusanyiko huchukua Sound and Vision pekee kutoka Low, wimbo wa dakika tatu uliofika nambari tatu Uingereza, na kuendelea na safari. Msikilizaji hawezi kubashiri kwamba nyuma ya wimbo huo mfupi kuna upande mzima wa huzuni ya Ulaya Mashariki uliowaathiri wanamuziki wengi waliofuata.

Changesonebowie hufaulu katika kipimo hiki kwa sababu ya ufupi wake. Nyimbo 11 zinasikilizwa kwa kikao kimoja, hazimchoshi mtu, na zinamwacha na hamu ya kujua zaidi. Si ajabu kwamba mwaka wa 2016 ilitolewa tena kuadhimisha miaka 40 tangu ilipotoka, ingawa mikusanyiko mingi mikubwa zaidi ilikuwa tayari sokoni.

Hukumu

Ukiwekwa katika mizani hiyo, mkusanyiko wa Changesbowie wa mwaka wa 1990 unashindwa. Uliandamana na ziara ya Sound+Vision, ambapo Bowie alitangaza kwamba anaviaga vibao vyake vya zamani jukwaani, ahadi ambayo hakuitimiza kwa miaka mingi. Ulifika nambari moja Uingereza, lakini Fame '90 na kukosekana kwa Life on Mars? na Starman katika CD yake ni dosari zisizofutika. Best of Bowie haudhuru wala hauelimishi, na ubora wake unategemea nchi uliponunuliwa.

Legacy ya CD mbili, yenye nyimbo 40, inamfaa anayetaka muhtasari wa kawaida unaofika hadi Blackstar, jambo ambalo mikusanyiko ya awali haikuweza kulifanya. Changesonebowie inabaki kuwa bora kwa anayeanza, mradi ajue kwamba inaishia mwaka wa 1976. Nothing Has Changed, katika toleo la CD tatu, ndio mkusanyiko unaosema jambo juu ya msanii kwa ukamilifu zaidi, na ndio unaostahili nafasi ya kwanza. iSelect iwekwe karibu nao, ili anayesikiliza ajue tofauti kati ya alichopendwa Bowie nacho na alichokipenda Bowie mwenyewe.

Msomaji wa Afrika Mashariki ana sababu yake mahususi ya kutoridhika na mikusanyiko pekee. Wengi hapa wanamfahamu Bowie kuwa mume wa Iman, mwanamitindo mzaliwa wa Somalia aliyesomea Chuo Kikuu cha Nairobi kabla ya kuhamia Marekani katikati ya miaka ya sabini. Wawili hao walioana mwaka wa 1992. Lakini uhusiano wa msanii huyo na eneo hili ulitangulia ndoa hiyo. Katika albamu ya Lodger ya mwaka wa 1979 kuna wimbo uitwao African Night Flight, uliotokana na ziara yake nchini Kenya na marubani wa Kijerumani aliokutana nao Mombasa. Ndani yake Bowie anatamka maneno machache ya Kiswahili.

Haukuwahi kuwa kibao. Haumo katika Changestwobowie, wala Changesbowie, wala Nothing Has Changed, wala Legacy, na hata Bowie mwenyewe hakuuweka katika iSelect, ingawa alichagua nyimbo nyingine mbili kutoka Lodger. Anayetaka kuusikia hana budi kuitafuta albamu yenyewe, aisikilize kuanzia wimbo wa kwanza, na kuungoja. Ni wa pili katika orodha.